Mkono Uliotulia

Mbuzi watatu walifika Kitengela saa nne asubuhi, Jumamosi ya pili ya Agosti mwaka 2003. Walikuwa nyuma ya pikapu ya kukodi, wamefungwa kamba za katani, na dume lao lilikuwa jeupe bila doa. Kalunde alisimama nyuma ya pazia la chumba chake akawatazama wakishushwa. Kisha akamtazama Nzuki, mchumba wake.

Alivaa suti ya kijivu waliyoichagua pamoja. Alimshika mama yake mkono akamsaidia kuvuka mtaro wa lango, na Kalunde akahisi moyo wake ukijaa, kama ulivyojaa kila mara alipomwona mtu huyu baada ya siku chache. Halafu kichwa cha Nzuki kikaruka upande wa kushoto, mara mbili. Bega likafuata. Sauti ikatoka kooni, fupi na kali, kama ya mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Hap!"

Watoto waliokuwa langoni walinyamaza. Kisha mmoja akaiga, na wengine wakacheka.

"Ni nani huyo anabweka?" aliuliza shangazi Mbeke, akiingia na leso mpya ya kumvisha Kalunde.

"Ni kikohozi, shangazi."

"Kikohozi hakirushi kichwa. Nimemwona kutoka jikoni. Huyu ni yule wa Aprili?"

"Ndiye."

"Yule wa Aprili alikaa kama picha ya ukutani." Mbeke alipiga magoti, akaanza kumfunga leso kiunoni. Mikono yake ikasimama. "Kalunde, niangalie. Huyu kijana anaanguka?"

"Haanguki. Si kifafa. Ni kitu kingine."

"Kwetu pia tulisema ni kitu kingine."

Kalunde aliijua habari hiyo tangu utotoni. Mbeke alipokuwa na miaka kumi na tisa, watu walikuja na mbuzi kumposa. Kabla mbuzi hawajaingia langoni, kaka yake mdogo aliangukia moto wa kupikia mbele ya wageni, povu mdomoni. Wageni waligeuza mbuzi wao. Hawakuja wengine. Mbeke sasa alikuwa na miaka hamsini na nane, na bado alilala katika nyumba ya kaka yake mkubwa, Mzee Maweu, baba yake Kalunde.

*

Kalunde na Nzuki walikutana mwaka 2001, katika duka la dawa alikouza Kalunde, karibu na stendi ya Kitengela. Nzuki aliingia na karatasi ya daktari. Alipoitoa, mkono wake uliruka, karatasi ikaanguka upande wa pili wa kaunta.

"Pole," alisema. "Mkono wangu una haraka kuliko mimi."

Kalunde aliiokota, akaisoma. Hakucheka, na hakujifanya hakuona.

"Inauma?" aliuliza.

Nzuki alimtazama kwa muda. Baadaye alimwambia kwamba katika miaka ishirini na minne ya maisha yake, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, hata siku ambazo hakuhitaji kitu. Alinunua plasta nyingi kuliko mtu yeyote asiye na kidonda. Walianza kunywa chai pamoja saa saba mchana katika kibanda cha chai, na huko Nzuki akamsimulia maisha yake kwa mzaha, kama yalimhusu mtu mwingine.

"Shuleni Kajiado waliniita Indiketa. Kwa sababu ya macho. Nikipita wanauliza, 'Indiketa, leo unakata kushoto ama kulia?'"

"Na walimu?"

"Mwalimu wa darasa la tano alinichapa kila asubuhi. Alikuwa mwanamke mrembo. Alidhani namkonyeza."

Kalunde alicheka hadi akafunika mdomo.

"Mama akanipeleka kwa maombi. Siku tatu bila chakula. Pepo hakutoka. Njaa ndiyo iliingia." Kichwa kikaruka, akangoja kitulie. "Daktari wa Nairobi ndiye alinipa jina la hali hii, mwaka wa tisini na nane. Ugonjwa wa Tourette. Nilitoka pale nikatembea mpaka stesheni nikilitaja. Miaka yote hiyo nilijua ni mimi tu. Kumbe kuna mtu aliugua mpaka ukapewa jina."

Kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Alianza kwa kushika fito za rangi nyeupe na nyekundu katika kampuni ndogo ya Bwana Kiragu, mjini Kajiado. Siku moja Kiragu alishikwa na malaria porini. Nzuki akainama kwenye darubini ya kupimia, akaweka jicho. Kichwa kikatulia. Bega likatulia. Alisoma pembe kumi na mbili bila kosa. Kiragu, akitetemeka chini ya blanketi, alizikagua zote. Kisha akamwambia, "Kijana, wewe shida yako ni kwamba Mungu alikuumba uangalie mbali." Akampeleka chuo, akamlipia nusu ya karo.

Kalunde alimwona kazini mara ya kwanza mwaka 2002, katika uwanda ulio nje ya mji wa Kajiado, siku ya upepo. Nzuki alikuwa mbali, mita mia tatu hivi, ameinamia darubini. Wafanyakazi walishika fito wakifuata mikono yake. Mkono mmoja kando, sogea upande huo. Mikono miwili juu ya kichwa kisha kuishusha, hapo hapo, chimbia.

"Na mkono wake ukiruka?" Kalunde alimuuliza mshika fito aliyekuwa karibu. "Si mtakosea?"

"Hatukosei, madam. Siku ya kwanza nilizunguka kama kuku, nikifuata kila mruko. Akanifundisha. Mkono ukiruka, hiyo si amri. Mkono ukitulia, hiyo ni amri."

Halafu mshika fito akampa Kalunde ufito aushike, kwa utani. Kalunde akasimama nao kwenye nyasi, gauni likipigwa na upepo. Kule mbali, Nzuki aliinua kichwa kutoka kwenye darubini, akamtazama kwa macho yake tu, bila kioo, kisha akainama tena. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, taratibu, bila mruko hata mmoja. Akaishusha.

Hapo hapo. Chimbia.

Hakuwahi kumposa kwa maneno mengine, na Kalunde hakuyahitaji.

*

Aprili 2003 Nzuki alipaswa kuja kujitambulisha kwa Mzee Maweu. Daktari alikuwa amemwandikia nusu ya kidonge kila jioni, nacho kilipunguza mruko bila kuumaliza. Kalunde aliwaza juu ya shangazi Mbeke na ule moto. Akampa vidonge viwili.

"Hii ni mara nne ya alichosema daktari," Nzuki alisema.

"Ni kwa siku moja tu. Mimi nafanya kazi kemisti, Nzuki, najua."

Siku hiyo Nzuki alikaa sebuleni kwa saa tatu bila kutikisa kope. Alijibu kila swali kwa upole na kuchelewa kidogo. Alipoondoka Mzee Maweu alipiga paja kwa furaha. "Kijana mtulivu hivi! Vijana wa siku hizi hawawezi hata kukaa kitini."

Kwa hiyo siku moja ikawa wiki, na wiki ikawa miezi mitatu, kwa kuwa baba alipenda kupita Kajiado bila taarifa kumsalimu mkwe wake. Nzuki alinenepa. Alilala akiwa amekaa. Hakuchekesha tena. Mwezi wa Julai, alipoinama kwenye darubini, namba zilikuwa na ukungu. Alisoma tatu badala ya nane. Bikoni, jiwe la mpaka, ikachimbiwa ndani ya njia ambayo ng'ombe wa Mzee Lemayian walipita kwenda majini tangu enzi za babu yake. Mzee Lemayian alikuja mwenyewe na fimbo, akaing'oa bikoni kwa mikono yake, akaiweka juu ya meza ya Kiragu.

"Sopa," aliwaamkia kwa Kimaasai. "Nimewaletea jiwe lenu. Lilipotea."

Kiragu hakumfukuza Nzuki. Alimwambia maneno yaliyokuwa mabaya zaidi. "Nilitaka Januari ukawe na timu yako. Sasa sijui ni nani nitampa. Nirudishie yule kijana wa zamani."

Nzuki akarudi kwenye nusu ya kidonge. Jumapili iliyotangulia siku ya mbuzi, pale kibandani, alimwambia Kalunde hivyo.

"Ngoja basi hata wiki moja," Kalunde aliomba. "Jumamosi ipite."

"Na Jumamosi ya harusi? Na siku baba yako atakuja kututembelea? Nitakuwa nimekufa siku ngapi kwa mwaka?"

"Usiseme hivyo."

"Kalu, sikuombi unitetee. Kusema nitasema mwenyewe. Wakikuuliza, sema tu unanijua. Halafu unyamaze."

Kichwa chake kiliruka. Aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, ili usimwage chai.

"Hilo tu?" Kalunde aliuliza.

"Hilo tu."

"Nimeahidi."

*

Sebule ilijaa. Upande wa dirisha walikaa wageni: Nzuki, mama yake, na mjomba wake Muteti, aliyekuwa msemaji. Upande wa pili walikaa wenyeji. Mbuzi walikuwa wameshaingia langoni, wamefungwa kwenye mti wa mkrismasi uliokuwa uani. Hao walikuwa mbuzi wa ntheo. Dume likichinjwa, binti amekuwa mke kwa desturi ya Wakamba, hata kanisa likisubiri.

Mzee Maweu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha saruji Athi River, na aliongea taratibu, kama mtu anayepanga matofali.

"Muteti, karibuni. Mbuzi nimewaona, ni wazuri. Lakini kabla ya kisu naomba kuelewa. Aprili kijana wenu alikaa kwenye kiti hicho hicho. Nikawaambia ndugu zangu nimepata mkwe mtulivu. Leo naona suti ni ile ile, lakini mtu siye."

"Ni yeye, mzee," alisema Muteti.

"Hap!" alisema Nzuki.

Dirishani watoto walijibu, "Hap! Hap!" Mama yake Nzuki aliinamisha uso.

"Kama ni yeye," Mzee Maweu aliendelea, "basi mmoja kati yao ni uongo."

"Mzee, naomba niseme," Nzuki alisema.

"Sema."

Nzuki alisimama. Bega liliruka, macho yakapepesa, naye hakujificha. "Uongo ni yule wa Aprili. Nilimeza dawa nyingi ili nitulie mbele yako. Mimi ndiye huyu. Niko na hii hali tangu nikiwa na miaka saba. Daktari anaiita Tourette. Haiambukizi, haimwangushi mtu, na haijanizuia kusoma wala kufanya kazi. Kwa ajili ya Aprili naomba radhi, mzee. Nilikudanganya nyumbani kwako. Kwa ajili ya leo siombi radhi."

Kalunde, aliyekuwa nyuma ya mlango wa jikoni na leso yake mpya, alihisi fahari ikimpanda hadi machozi.

"Na watoto?" Sauti ya Mbeke ilikata kama wembe. "Watoto watakuwa hivyo?"

"Mmoja anaweza kupata, shangazi. Anaweza pia kukosa."

"Uuui," alisema Mbeke. Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anayekumbuka.

Mzee Maweu akaita, "Kalunde! Njoo hapa."

Kalunde akaingia, akasimama katikati ya zulia, macho chini.

"Mimi sitaamua peke yangu," alisema baba yake. "Desturi inataka uulizwe. Unamjua huyu mtu? Tuchinje?"

Kalunde aliinua macho. Nzuki alikuwa akimtazama. Kichwa kiliruka, na baada ya kila mruko macho yalirudi palepale, kwake, kama mtu anayerudisha mlango uliofunguliwa na upepo.

"Namjua, baba," alisema. "Chinjeni."

Mama yake Nzuki alivuta pumzi. Muteti alianza kutabasamu. Yalikuwa maneno matatu tu, na yalitosha.

Lakini dirishani mtoto mmoja alipanda juu ya ndoo, akakonyeza macho yote mawili, akarusha kichwa. "Hap!" Sebule nzima ilimwona. Mjomba mmoja alikohoa ili asicheke. Mbeke aliziba uso kwa viganja. Na Kalunde, aliyekuwa ameogopa kicheko hicho maisha yake yote, hata kabla ya kumjua Nzuki, alisikia sauti yake mwenyewe ikiendelea.

"Na msiwe na wasiwasi. Hatakuwa hivi. Ni dawa tu ameacha. Tukishaoana nitakuwa nampa mwenyewe, kila siku. Mtamwona tena yule wa Aprili."

Sebule ikashusha pumzi.

"Sasa hayo ndiyo maneno!" alisema Mzee Maweu. Alipiga paja. "Si mngesema kuna dawa? Mbeke, lete kisu."

Watu wakaanza kuongea kwa pamoja. Mbeke aliinuka, akamshika Kalunde bega akipita, na uso wake ulikuwa laini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Ilikuwa furaha ya kweli. Wote walikuwa nayo isipokuwa mmoja.

"Mzee," alisema Nzuki. "Usichinje."

Hawakumsikia. Akarudia.

"Usichinje, mzee."

"Kijana, msichana amekubali. Nasi tumekubali."

"Mmemkubali mtu mwingine. Mimi huyo siwezi kumleta tena." Kichwa kikaruka. "Asante kwa kutupokea."

Alimshika mama yake mkono, akamwinua kitini.

Kalunde alimkimbilia hadi langoni, leso ikimzuia hatua. "Nzuki! Nilisema ndiyo! Ulisikia nikisema ndiyo!"

"Nilisikia."

"Walikuwa wanacheka. Nilitaka wakukubali. Hukuona walivyofurahi?"

"Niliona." Aliongea bila hasira, na hilo lilimtisha Kalunde kuliko kelele. "Mwalimu alitaka nitulie. Mchungaji alitaka nitulie. Hao niliwazoea, Kalu. Wewe sikuwahi kukuzoea hivyo."

"Nilikosea neno moja tu."

"Ulisema kila siku. 'Nitampa kila siku.' Hilo ulishalifikiria kabla ya leo."

Kalunde alifungua mdomo ili akanushe. Hakuweza, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nyuma yao Mzee Maweu alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi. "Na mbuzi?" aliuliza. "Muteti, na mbuzi?"

"Mbuzi akishaingia lango, aliyemleta hamtoi," Muteti alisema kwa huzuni. "Mnajua hivyo, mzee. Atarudishwa na nyumba ya msichana, siku mtakayotaka kuvunja uchumba."

Pikapu iliondoka tupu. Dume jeupe liliinua shingo likaitazama, kisha likarudi kula majani ya mkrismasi.

*

Nyumba ya Maweu haikutaka kuvunja. Baba alisema kijana atarudi, hasira ni moshi. Kalunde aliandika barua tatu. Aliweka akiba ya sarafu za simu ya kibanda, na kila mara karani wa ofisi ya Kiragu alimjibu kwa adabu kwamba Bwana Nzuki yuko porini. Mbuzi walikaa uani Septemba, Oktoba, Novemba. Mmoja wa majike alikuwa na mimba alipokuja, na mwishoni mwa Desemba akazaa.

Januari 2004 Mzee Maweu alisema yatosha. Wazee wangewarudisha mbuzi. Na kwa kuwa desturi haihesabu kilichozaliwa uani kuwa mali ya mwenye ua, mwanambuzi angekwenda na mama yake. Walikuja watatu, wangerudi wanne.

"Nitaenda nao," alisema Kalunde.

"Si kazi ya msichana," alisema baba.

"Mwache," alisema Mbeke kutoka jikoni. "Wangu walirudi bila mimi. Nimejiuliza miaka thelathini na tisa kama ningewafuata."

Wazee walimwacha Kalunde kando ya barabara, nje ya mji wa Kajiado, wakaendelea na mbuzi hadi kwa mama yake Nzuki. Aliwaomba nusu saa. Alikuwa ameona kutoka garini watu na fito nyeupe na nyekundu.

Aliingia kwenye nyasi. Upepo ulikuwa uleule. Mshika fito wa zamani alimwona, akaondoa kofia, lakini hakusogea mahali pake. Mbele, mita mia tatu hivi, Nzuki alikuwa ameinamia darubini. Alikuwa na timu yake sasa. Amekonda tena. Hata kwa umbali ule Kalunde aliona mwili ukiruka alipoinuka kuandika, na ukitulia alipoinama.

Alitembea hadi akafika kwenye mstari, katikati ya darubini na fito. Akasimama hapo. Hakupunga mkono, hakuita. Alijua kwamba ndani ya kioo kile uso wake sasa ulikuwa mkubwa kuliko kitu kingine chochote. Akautoa nje moyo wake wote, akauweka usoni, akangoja.

Nzuki hakuinua kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, jicho kiooni, muda ambao kusoma pembe moja hakuuhitaji. Mshika fito alitazama chini.

Kisha mkono ukainuka.

Kalunde alivuta pumzi. Akaungoja wa pili ufuate, yote miwili juu ya kichwa, kama siku ile.

Wa pili haukuja. Ule mmoja ulinyooka kando, upande wa kulia, ukabaki hapo. Sogea. Uko kwenye mstari.

Aliutazama ule mkono. Aliutazama kwa matumaini yaliyomwaibisha, akiomba uruke, akiomba kidole kimoja tu kitikisike, ili aweze kujiambia kwamba si amri.

Mkono ulikuwa umetulia kabisa.

Kalunde akasogea.